Karatasi Iliyonukia Asumini

Kakangu Shekuwe alikuwa ametia kipande cha soseji mdomoni niliposema neno "nguruwe."

Hakumeza. Hakutema.

Alikaa vile vile, shavu moja limevimba, macho yamemtoka, kama mtoto aliyekutwa ndani ya kopo la sukari.

Na mimi, Mwanaesha, mtu mzima, tasbihi mkononi, nilikuwa nacheka moyoni. Maana neno lile nilikuwa nimelipika siku tatu.

Ngojeni niwaeleze tangu mwanzo. Mkitaka kunitukana, tukaneni mwishoni. Nimezoea.

Mwaka ulikuwa tisini na nne. Nyumba ni yangu, Kibokoni, nimeachiwa na marehemu mume wangu. Mtoto nnaye mmoja tu, Abdulghafur, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Nilimtafutia wasichana wanne wa mtaani petu. Wote walijua kupika, wote walijua kufukiza udi. Wote akawakataa.

Siku moja kaniletea Wanza.

Mkamba wa Kibwezi. Kasilimu, kaolewa, kapewa jina la Mariamu. Mimi jina hilo lilinikwama kooni. Nilimwita Wanza, na nikiwa na hasira nilimwita "huyo."

Kazi yake ilikuwa Liwatoni, kwenye ghala la kugandisha samaki. Kutwa yuko wima ndani ya buti za mpira, achagua kamba. Huyu mzima, huyu kavunjika, huyu kaoza. Walikuwa hawana mashine ya kujua kamba aliyeoza. Mashine ilikuwa pua yake. Na wale waliovunjika, kwa kuwa hawafai kupelekwa Ulaya, wafanyakazi wakiruhusiwa kwenda nao nyumbani.

Mwauona mkosi wangu? Mwanangu kaniletea Mkamba, na Mkamba kaniletea kamba.

Na hapo sijafika kwenye soseji.

Huyo akirudi saa kumi na mbili za jioni. Hakai, hapumui. Awasha stovu ya mafuta ya taa, ateleka kikaango kimoja.

Kimoja!

Kitunguu ndani. Soseji kazikata vipande vya duara kama vifungo vya koti, azigeuza mpaka ukingo uwe kahawia. Thomu. Tungule mbili. Pilipili boga. Bizari kidogo. Mwisho kabisa ndiyo amwaga kamba, na wakishajikunja na kuwa wekundu tu, akamulia ndimu, anyunyiza majani ya kotmiri, kwisha. Mkate wa boflo mezani.

Dakika ishirini. Nilimpima kwa saa ya ukutani.

Mimi, jamani, mchuzi wa kamba nikiuanza baada ya Adhuhuri. Nikune nazi, nikamue tui zito na tui jepesi. Wali na sufuria yake, mchuzi na sufuria yake, mboga na sufuria yake. Mtu akila kwangu alijua kuna mwanamke aliyeumia mgongo kwa ajili yake.

"Huku ni kupika ama ni kuzima moto?" nilimuuliza.

"Ni kupika, Mama. Ghafur yuna njaa."

"Mwanangu ana miaka thelathini na hajafa kwa njaa."

"Alhamdulillahi," akasema. "Na leo pia hafi."

Kisha akaniwekea sahani mbele yangu kwa mkono wa kulia. Adabu tupu, na bado wahisi umezabwa kofi.

Lililoniua zaidi ni Abdulghafur. Alikuwa apangusa mchuzi wa mwisho kwa boflo humo humo kikaangoni, amesimama, tai shingoni! Na kakangu Shekuwe, ambaye miaka yote akija Ijumaa kula biriani yangu, akaanza kuja Jumanne.

Jumanne!

Nikaapa. Mwanamke huyu ataondoka nyumba hii kabla hajashika mimba. Akishashika, mimi nimekwisha. Jiko litakuwa lake, nyumba itakuwa yake, na mwanangu nitakuwa namwomba kwa zamu.

Nikawaza nimkamate wapi. Kamba ni halali, siwezi kuwasema. Lakini soseji? Nani ajuaye ndani ya soseji mna nini?

Mimi nilijua. Zilikuwa za ng'ombe, zatoka dukani kwa Zoher, Bondeni, Bohora mwenye ndevu mpaka kifuani, ambaye angelifunga duka kuliko kuuza haramu. Kujua nilijua. Lakini sikuwa nataka ukweli. Nilitaka talaka.

Nyuma ya nyumba ya jirani alikuwa amepanga Nicanor, mpishi wa hoteli ya watalii ng'ambo ya Nyali. Nikamvizia akienda kazini.

"Nicanor, baba, hotelini kwenu mwawapikia Wazungu nguruwe?"

"Kila asubuhi, Bi Mwanaesha."

"Niletee karatasi ya soseji zake. Ile yenye picha."

"Ya nini?"

"Nna panya jikoni. Nimesikia wakiiona picha hiyo huhama."

Nicanor akanitupia jicho. "Kwani hao ni panya Waislamu?"

"Panya wa Kibokoni hao. Wamehitimu msahafu."

Jumapili akaniletea. Karatasi ya kung'aa, na juu yake nguruwe wa rangi ya waridi, anacheka. Na mimi, kwa pupa, nikaipokea kwa vidole!

Lo! Nilikimbilia bombani uani. Nikaosha mkono mara saba, mara moja kwa mchanga, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani tukiwa wadogo. Kisha nikaichukua karatasi kwa makoleo, nikaitia ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga, chini ya kitanda changu.

Sikulala. Niliisikia ikinuka. Labda ilikuwa hainuki, lakini mimi niliisikia mpaka kwenye mto. Nikaamka, nikachukua kikuba changu, kile kishada cha asumini cha kuvaa kifuani, nilichokuwa nimekivaa kwenye arusi ya mtaani, nikakisokomeza ndani ya kopo juu ya yule nguruwe. Nikafunika.

Usiku wa kwanza. Usiku wa pili.

Likumbukeni kopo hilo na kikuba chake. Mimi kikuba nilikisahau.

Jumanne ikafika. Wanza akapika, akapeleka kikaango mezani. Mimi nikabaki nyuma kidogo, nikaitoa karatasi koponi kwa makoleo, nikaizika ndani ya ndoo ya taka chini ya maganda ya vitunguu. Nikaacha sikio moja la nguruwe nje, lisalimie watu.

Nikaenda kukaa. Nikawaacha waanze. Nikasema taratibu, kama mtu aulizaye bei ya dania:

"Kwani siku hizi Bondeni wauza soseji za nguruwe?"

Ndipo Shekuwe alipoganda na shavu lake.

"Mama, wasema nini?" Abdulghafur akauliza.

"Mimi sisemi. Ndoo yasema."

Akainuka, akaenda jikoni. Akarudi akiisukuma ndoo kwa mguu, uso umempauka.

"Nini hii, Wanza?"

Siku zote humwita Mariamu. Aliposema Wanza, nikajua nimeshinda.

Shekuwe akakitema kile kipande ndani ya kofia yake mwenyewe, kofia ya kazi ya mkono, ya Idi. "Mimi nimekula tangu Maulidi!" akanguruma. "Tangu Maulidi, Mwanaesha! Na nimeongezewa!"

"Aliyeuleta uchafu huu kwa makusudi," mwanangu akasema, "wallahi hatakaa nami nyumba moja. Awe nani, awe nani."

"Amin," nikaitikia mimi. Tena kwa sauti.

Nilingoja kilio. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, hata leso ya kumpa ilikuwa tayari.

Wanza hakulia. Alijifuta mikono, akainama, akaiokota karatasi kwa vidole vyake. Halafu akafanya lile alifanyalo kutwa kule Liwatoni.

Akaipeleka puani.

Akafumba macho. Akanusa. Akaigeuza upande wa pili, akanusa tena.

Kifuani kwangu palikuwa na kikuba kipya cha asubuhi ile. Wallahi sijawahi kukisikia kikinukia kama dakika ile. Kilinukia kama arusi nzima.

"Yanukia nini?" Shekuwe akauliza.

Wanza akafumbua macho. Hakumtazama Shekuwe. Alinitazama mimi, kifuani, kisha usoni.

"Yanukia..."

Mwanangu amemkodolea macho. Na mimi nakisikia kiapo chake masikioni, awe nani, awe nani, na ile amin yangu juu yake. Abdulghafur si mtu wa kuapa ovyo. Angebeba furushi la nguo usiku ule ule, na mimi ningebaki na sufuria zangu nne na kuta.

"Mariamu, mwanangu," nikasema.

Ndiyo mara ya kwanza. Tena sauti ilinitoka nyembamba kama ya paka.

Akatabasamu. Lile tabasamu msilione zuri.

"Yanukia ya kazini, Mjomba," akasema. "Liwatoni kila mtu hufungia buti zake kwa karatasi anayoiokota. Asubuhi nimeokota hii, sikutazama picha. Soseji zetu ni hizi."

Akafungua friji, akatoa zilizobaki, zimefungwa kwa gazeti la Kigujarati. Hakuna mwengine Bondeni afungaye soseji kwa gazeti la Kigujarati. "Zoher bado hajafunga duka. Nendeni mkamuulize."

Shekuwe akalitazama gazeti. Akakitazama kikaango. Kikaango kilikuwa bado chatoa moshi.

"Zoher namjua," akasema, akavuta sahani yake. "Mariamu, niongeze ndimu."

Mwanangu alimwomba mkewe radhi mbele yetu sote. Mimi nikasema naenda kuona maji.

Wanza alinifuata jikoni. Akasimama kwenye karo, akaanza kuosha mkono, akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Ya nne akachota mchanga kwenye chungu cha mrehani, akajisugua, akanitazama.

"Jumapili niliukuta mchanga pale bombani, Mama. Nikajiuliza, nyumba hii nani kashika nini?"

Nikazungusha tasbihi yangu. Mngejibu nini nyinyi?

"Saba," akasema. Akafunga maji. "Karatasi ninayo mimi. Kuanzia kesho, kila Jumatatu mpaka Alhamisi, wapika wewe. Mimi hurudi nimechoka."

"Mimi?"

"Kikaango kimoja. Dakika ishirini. Kamba nitaleta, soseji ataleta Ghafur. Na Mama, kamba wasikae motoni, huwa kama mpira."

Binti wa Kibwezi, anifundisha kamba mimi!

Nilipika.

Nilipika kwa hasira, nikikata soseji kana kwamba ni vidole vyake. Siku za mwanzo niliziunguza. Nikawakausha kamba. Shekuwe akitafuna, akitikisa kichwa, akisema mbele za watu, "Mwanaesha, wajitahidi, lakini bado hujamfikia Mariamu."

Mwaijua jehanamu nyinyi? Mimi nimeila kwa boflo.

Na kila alipokuwa kazini, niliitafuta karatasi. Chini ya godoro. Ndani ya sanduku lake la nguo. Ndani ya buti za akiba, nikatia mkono mpaka nchani. Nilitafuta miaka mitatu. Kila akiona nimechelewa kuteleka, alikuwa avuta pumzi kwa pua, taratibu, mara moja tu. Nami naishika ile chupa ya mafuta mbio.

Mwaka wa tisini na saba akajifungua mtoto wa pili. Nikampelekea sahani kitandani. Akala yote, akapangusa kwa boflo.

"Kamba wako sawa leo," akasema.

Nikaona ndiyo nafasi. "Mariamu. Niambie, karatasi ile waiweka wapi?"

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika tumbo.

"Mama! Ile niliwashia stovu usiku ule ule. Si uliomba chai, ulisema presha yakupanda? Chai hiyo ndiyo iliyochemkia moto wake."

Nilikaa chini. Miaka mitatu nimelitii jivu. Na chai yenyewe niliisifu, nikaomba kikombe cha pili.

"Mbona hukunisema siku ile? Mwanangu angalikuamini."

Akamgeuza mtoto upande wa pili, akamnyonyesha, hana haraka.

"Ningekusema, ningepata mume mwenye huzuni," akasema. "Sikukusema, nikapata mpishi."

Haya. Mwataka niwaambie tukakumbatiana? Hatukukumbatiana. Mpaka leo twaishi nyumba moja, na hakuna siku inayopita bila kurushiana neno. Yeye asema sambusa zangu zina ngozi ya mamba. Mimi nasema mahamri yake yafaa kurushia paka.

Lakini funzo nawapa, tena bure. Harufu yako mwenyewe huisikii. Umeishi nayo, umeizoea, waiona ni hewa tu. Wenzako waisikia tangu mlangoni. Basi wewe unayekaa usiku kumtengenezea mke wa mwanao hila, jinuse kwanza. Na ukishindwa kujinusa, angalau vua kikuba.

Leo ni Jumanne, na saa yangu ya kuteleka imefika. Siku hizi sisukumwi na mtu. Nimeshafika dakika kumi na saba.

Yeye hajawahi kushuka chini ya ishirini.