Ndugu Wawili Ndani ya Gari la Nyumba

Gari lile lilimvunja mume wangu mkono siku ya kwanza lilipokuwa letu. Lilikuwa la kuwashwa kwa chuma kilichopinda, unakitia chini ya rejeta na kukizungusha kwa nguvu zako zote, na injini ikikataa, inakirudisha chuma kwa kishindo. Nilisikia mfupa ukilia kama ukuni mkavu. Mume wangu hakupiga kelele. Aliketi kwenye nyasi, akaushika mkono uliovunjika kwa ule mzima, akaniuliza, "Imewaka ama haijawaka?"

"Haijawaka."

"Basi jaribu wewe."

Nikajaribu, nikalia, nikajaribu tena, likawaka. Hivyo ndivyo nilivyojifunza gari kabla sijajua hata jina la usukani.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Mume wangu alikuwa dereva wa Mzungu mmoja mwenye shamba la ng'ombe karibu na Mweiga, na Mzungu yule alipouza shamba na kurudi kwao, alimwachia gari hilo kama shukrani. Lilikuwa lori la zamani la jeshi, na nyuma yake mtu alikuwa amejenga nyumba: kuta za mbao zilizofunikwa kwa mabati mepesi, vitanda viwili vyembamba vinavyotazamana, jiko la mafuta ya taa, sinki, na madirisha madogo yenye mapazia. Mzungu alilitumia zamani kwenda kuwinda. Tulipolipata lilikuwa limekaa bandani miaka mingi, kuku wanataga ndani ya sinki, na sakafu imeoza hata ukikanyaga vibaya mguu unatokea chini.

Watu walitucheka. Lakini sisi hatukuwa na nyumba nyingine. Baba mkwe alipokufa, shamba la kahawa la kijijini kwao Wamagana lilikuwa limeandikwa jina la mwanawe mkubwa, na huyo hakutaka kugawa. Mume wangu alipokwenda kuuliza sehemu yake, ndugu yake alimjibu kwa rungu. Alimpiga palepale kati ya mistari ya kahawa, kichwani na mgongoni, mama yao akiwa amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa mkononi. Mimi nilimkuta akitambaa barabarani, damu imemfumba macho. Tangu siku hiyo hatukulala Wamagana tena.

Kwa hiyo tulilitengeneza gari kama watu wanaojenga boma. Nilipokuwa nikishona sare za shule, mume wangu alipasua mbao za mwerezi na kubadilisha sakafu. Paa lilivuja kila mvua za Aprili. Tuliziba kwa turubai na lami, likavuja mahali pengine, tukaziba tena. Kutu ilikula milango, nasi tukaikwangua kwa msasa mpaka vidole vikatoka damu. Vipuri havikupatikana. Kifaa kikivunjika, mume wangu alikwenda kwa mafundi wa vyuma Nyeri, akakaa nao mpaka wametengeneza kingine kinachofanana. Rejeta ilikuwa na tabia ya kutema maji yanayochemka. Niko na alama yake hapa shingoni mpaka leo. Halikuwa gari la upole. Ulilipenda ukiwa umejikinga uso.

Tulihama nalo kufuata masoko. Leo Mweiga, kesho kutwa Karatina, wiki nyingine Kerugoya. Nilifungua dirisha la ubavuni, nikaweka cherehani yangu hapo, na wanawake waliniletea vitambaa. Watoto waliliita nyumba ya miguu. Tulikula, tulilala kwenye vitanda vile viwili, na asubuhi za baridi Mlima ulipojitokeza mweupe kwa theluji tuliuona kupitia dirisha letu wenyewe. Nilikuwa na furaha, nasema kweli.

Ndugu yake alipopata habari kwamba tunaishi vizuri, alianza kudai gari. Alisema kijana ambaye hana boma lake, mali yake ni ya boma la baba, na boma la baba sasa ni yeye. Alitaka injini. Aliwaambia watu kwamba ataing'oa aendeshee mashine ya kusaga mahindi.

Mara ya kwanza alikuja Karatina na shoka. Mume wangu alikuwa amekwenda kuchota maji. Nilikuwa ndani nikishona, nikasikia ukuta ukipasuka karibu na sikio langu, na ncha ya shoka ikatokea kati ya mbao.

"Toka kwa hii gari!" alipiga kelele. "Toka, mwanamke, kabla sijakupasua nayo!"

Alivunja madirisha yote ya upande ule. Vioo viliniingia mikononi na kwenye kitambaa cha watu. Wanawake wa sokoni walimrushia viazi na mawe, akaondoka akitukana. Mume wangu aliporudi alitazama yale matundu, akatazama mikono yangu, akachukua maji yale aliyoyaleta akaniosha. Kisha akatafuta mbao. "Vioo tutaweka baadaye," alisema. Hakusema neno juu ya ndugu yake, na mimi nilikasirika kwa kunyamaza kwake kuliko nilivyokasirikia shoka.

Mara ya pili ilikuwa Mweiga, siku ya soko, mchana jua likiwaka. Mpira wa breki ulikuwa umepasuka, mafuta yote ya breki yamemwagika, na mume wangu alikuwa amelala chini ya gari akiung'oa. Alikuwa ameinua ekseli ya nyuma kwa jeki. Miguu yake ilitokeza nje. Mimi nilikuwa nimechuchumaa upande wa pili nikimenya viazi.

Nilimwona shemeji akija, hatembei haraka wala polepole, kama mtu anayekwenda kununua chumvi. Nilidhani amekuja kutukana. Hakutukana. Alifika nyuma ya gari, akainua buti lake, akaupiga teke mguu wa jeki.

Gari lilishuka. Sauti yake sikuwahi kuisikia tena na sitaki. Gurudumu lilishukia mguu wa mume wangu, chini ya goti, na safari hii alipiga kelele.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka kwamba chuma cha jeki kilikuwa mkononi mwangu na kisu cha viazi hakimo. Nilimpiga shemeji usoni. Alianguka kwa magoti, nikampiga tena, na nikahisi kitu kikivunjika ndani ya uso wake, kama unavyohisi ganda la yai. Alinyoosha mikono kunishika, nikampiga mikono. Ningeendelea. Ila watu wa soko walikuwa wameona yote, na walinisukuma pembeni wakamwangukia wao.

"Muuaji! Muuaji!"

Walimpiga kwa mawe, kwa fito za kuswagia ng'ombe, kwa buti. Wanaume wengine walipenyeza magogo chini ya gari, wakaliinua, wakamvuta mume wangu. Mguu wake ulikuwa umegeukia upande usiofaa, na mfupa umetoka. Nilipiga magoti nikaufunga kwa sare ya mtoto wa mtu, sare mpya kabisa.

Akanishika kanga. "Wasimuue," alisema.

"Wacha wamuue."

"Ni mtoto wa mama. Wasimuue."

Nilimtazama, nikataka kumpiga yeye pia. Lakini nilikwenda. Nilijitoma kati ya wale watu na kile chuma changu, na kwa kuwa nilikuwa nimelowa damu, walinipisha. Mmoja alikuwa ameinua jiwe la kusagia kwa mikono miwili. Nilijua kwamba nikiomba huruma hawatanisikia, kwa hiyo sikuomba.

"Huyu ni wangu!" nilipiga kelele. "Aliyevunjwa ni bwanangu. Nimeanza mimi, nitamaliza mimi. Mtieni ndani ya gari yangu!"

Wakacheka, wengine, wakadhani ninakwenda kumchinja. Wakamkokota, wakamtupa ndani. Mume wangu naye wakampandisha, taratibu. Ndugu wawili wakalala kwenye vitanda vile vinavyotazamana, na nafasi kati yao ni ya mtu mmoja kupita.

Basi la jioni la kwenda hospitali Nyeri lilikuwa bado, na watu wale hawangengoja. Nikazungusha chuma, injini ikawaka kwa mara moja, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Nilikuwa nimewahi kuliendesha uwanjani tu, mume wangu akiwa kando yangu. Sasa nilikuwa peke yangu mbele, na breki ya mguu haikuwa na mafuta hata tone.

"Usitoke gia ya pili," mume wangu aliniita kutoka nyuma. Kulikuwa na kidirisha kati yetu. "Kwenye mteremko rudi ya kwanza. Breki ya mkono vuta kidogo kidogo, isiungue."

"Nyamaza, upumzike."

"Nikinyamaza nitazimia."

Basi aliongea njia nzima. Aliniambia wakati wa kukanyaga klachi na wakati wa kuachia. Kati ya maneno hayo nilimsikia akiongea na ndugu yake, ambaye taya lilikuwa limevunjika na hakuweza kujibu ila kukoroma.

"Ulitaka gari," alimwambia. "Sasa uko ndani. Unaionaje?"

Kabla ya kufika Nyeri kuna mteremko mrefu, na chini yake daraja. Nilijaribu kurudi gia ya kwanza, lakini niliikosa, na gari likawa huru bila gia. Lilianza kukimbia. Nikavuta breki ya mkono mpaka ikatoa moshi na harufu ya mpira ulioungua, halafu ikalegea kabisa. Mbele niliona mkokoteni wa punda katikati ya daraja, na mzee juu yake amegeuka kunitazama.

Nilikata usukani kushoto, nikalibana gari kwenye ukingo wa udongo ule mwekundu. Ukuta wetu wa mbao ulipasuka kuanzia mlangoni hadi nyuma. Ubao mmoja mmoja tulioupigilia ulikuwa unang'oka huku nikisikia. Sufuria zilirushwa, cherehani ikaanguka, na wale wawili walitupwa kutoka vitandani mwao wakaangukia sakafuni, mmoja juu ya mwenzake. Gari likasimama karibu na daraja likitetemeka.

Nilipochungulia kidirishani, mume wangu alikuwa amelala chali, na ndugu yake juu ya kifua chake, akimwaga damu kwenye shati lake. Mume wangu alikuwa amemzungushia mkono ili asibiringike kuelekea pale ukuta ulipopasuka.

"Twende," alisema. "Tuko sawa."

Tulifika hospitalini na ubavu mmoja wazi, watu wanaona ndani kama duka.

Mume wangu hakukatwa mguu, lakini goti lake halikukunjika tena. Shemeji alipoteza jicho la kushoto. Walipotibiwa, polisi walimchukua shemeji, watu wa soko wakatoa ushahidi, akafungwa. Mama mkwe alikuja wodini siku moja na fimbo yake. Sikujua kwamba ananitafuta mimi. Alinipiga nayo begani mbele ya wagonjwa wote.

"Umenipofushia mtoto!"

Nikaishika ile fimbo. "Na huyu aliyelala hapa, mama, ni mtoto wa nani?"

Akaiachia fimbo mkononi mwangu, akatoka nje, na sikumwona tena akiwa hai.

Gari tulilijenga upya. Ilituchukua kiangazi chote, na sasa mimi ndiye niliyeingia chini, kwa kuwa yeye hakuweza kukunja mguu. Alikaa kwenye kigoda akinielekeza, nami nikikosea tunagombana, nikimtupia spana anainama. Tulibadilisha ukuta ule, tukabadilisha mipira yote ya breki, na wakati huu niliijua kila nati kwa kidole.

Ilipita miaka. Tulikuwa Kerugoya, nami niko juu ya paa nikipaka lami kabla ya mvua, nilipomwona mwanaume akivuka uwanja, kichwa amekiinamisha upande ili jicho moja lione. Nilimjua kabla hajafika. Debe la lami moto lilikuwa mbele yangu, linachemka. Alisimama chini yangu kabisa, hakuniona, akamsalimia mume wangu aliyekuwa mlangoni. Nilinyanyua debe.

"Shusha hilo debe," mume wangu alisema, bila kuinua macho.

Nilikaa nalo hivyo muda kidogo. Mikono ilikuwa inaungua. Kisha nikalishusha.

"Mama amekufa," shemeji alisema. "Tunazika kesho."

"Tutakuja," mume wangu akamjibu. Halafu akaongeza, "Panda, twende pamoja."

"Huyo hapandi," nilisema kutoka juu.

Shemeji aliinua jicho lake akanitazama, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kituoni kutafuta basi.

Tulikwenda Wamagana kesho yake, mimi nikiendesha. Niliegesha nje ya lango la kahawa, sikuingia nalo. Walimzika mama yao kwenye mvua nyepesi, mmoja akitupa udongo upande huu na mwingine upande ule, na majirani wakiwatazama kama watu wanaongoja vita. Vita havikutokea. Watu walipoanza kuelekea kwenye chakula, shemeji alisimama karibu na mume wangu.

"Mguu unauma wakati wa baridi?" aliuliza.

"Unauma."

"Hata jicho. Halipo lakini linauma."

Mume wangu akakung'uta udongo mikononi. Nilimwona shemeji akitazama shamba lile lote, mistari na mistari ya kahawa, kana kwamba anataka kusema jambo juu yake, na nikangoja nisikie atasema nini. Mtu alimwita ndani akaenda.

Tuliondoka kabla ya chakula. Njiani mume wangu aliniambia nisimamishe gari Karatina tununue ndizi za kuchoma, kwa kuwa tangu asubuhi hatukuwa tumekula kitu.