Maneno Yenye Mkia wa Sheni

Mume wangu nilimpata kwa shida, na shida yenyewe ilikuwa neno moja la Kiingereza. Watu wakiniuliza nawaambia hivyo hivyo. Wakitaka kucheka, wacheke.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Kariakoo. Baba alikuwa na meza ya nazi sokoni, mama alikaanga vitumbua barazani tangu alfajiri, nami nilikuwa naye kwenye moshi. Kati ya wateja wetu alikuwamo mzee mmoja, tarishi wa ofisi ya serikali, aliyevaa kaptula ya kaki iliyonyooshwa pasi mpaka ungedhani inaweza kusimama peke yake. Alikuja kila asubuhi na mpwa wake, kijana wa karakana ya reli kule Gerezani. Mzee alizungumza kwa niaba ya wote wawili, na kijana alikula kwa niaba ya wote wawili.

Mzee alikuwa na ugonjwa wa maneno marefu ya Kiingereza. Si maneno yoyote tu, bali yale yenye mkia wa aina moja. Aliyaokota ofisini akipeleka mafaili chumba hadi chumba, jioni akaenda kumganda mwalimu wa masomo ya watu wazima pale Mnazi Mmoja mpaka apewe maana, na asubuhi akatuletea sisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Leo nina jipya." Akachora kwa kidole kwenye vumbi la baraza. "Yote yanaishia kwa herufi nne, T, I, O, N. Lakini ukiziona zimekaa pamoja usizisome zilivyo. Sema sheni."

"Kwa nini, mzee?"

"Mzungu hapendi kukamatwa kwa alichokiandika."

Basi akaendelea. Rejistresheni, kuandikwa jina lako serikalini. Taksesheni, kutozwa kodi. Vaksinesheni, kuchanjwa. Demolisheni, kubomolewa nyumba. Mimi huku nageuza vitumbua nikaona kwamba katika maneno yote hayo hakuna hata moja ambalo mtu analifanya mwenyewe kwa raha zake. Yote anafanyiwa. Nilipomwambia hivyo mzee alitafuna taratibu, akasema nina kichwa kizuri, akatafuta neno la kunifurahisha.

"Lipo antisipesheni. Maana yake kungoja kitu kwa hamu."

Kijana, ambaye sikuwahi kumsikia akisema lolote zaidi ya "vinne, tafadhali", akameza alichokuwa nacho mdomoni.

"Hilo ninalo mimi," akasema, na hakuwa anaangalia vitumbua.

Mama akamwongezea kimoja bure. Mimi nikaunguza vilivyobaki kwenye chuma. Tangu siku hiyo nilimtaka, na sioni sababu ya kuzunguka maneno.

Posa ikaletwa. Aliyeileta ni mzee yule yule, kwa kuwa kijana hakuwa na mkubwa mwingine mjini, na alikuja na wazee wawili wa mtaa kumsindikiza. Baba aliwakaribisha chumba cha mbele. Sisi wanawake tulikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia: mimi, mama, na shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyekuja kutoka kwake Ilala kusimamia mambo. Shangazi hakuwa mzee. Hilo alilisema mwenyewe, na waliombishia hawakualikwa tena.

Mzee alikuwa amemwapia mpwa wake kwamba hatatia Kiingereza. Na kweli, alianza vizuri. Alizunguka kistaarabu kama inavyotakiwa, akasifu nyumba, akasifu malezi, akasema wamekuja kuomba udugu. Baba akakohoa, akasema kwa upande wake haoni kizuizi. Hapo furaha ikamzidi mzee. Alisimama, akaligeukia pazia ili na wanawake wapate heshima yao, akapaza sauti.

"Kongratulesheni!"

Kwa Waingereza neno hilo ni pongezi. Sisi wakati huo hatukujua. Kwa Kiswahili mkia wa sheni ni amri kwa watu wengi: washeni taa, pisheni njia, rudisheni sufuria za watu. Shangazi hakuwa na Kiingereza, na masikio yake yalisikia lugha aliyozaliwa nayo. Alichosikia ni hiki: "Kongwe, tulisheni!"

Mzee akarudia, kwa nguvu zaidi. Nami naapa, mara ya pili hata mimi nilisikia hivyo hivyo.

Pazia lilifunguliwa likabaki linaning'inia kwa kijipete kimoja.

"Kongwe nani?" shangazi akauliza. "Mahari haijatajwa, mtoto hajaulizwa, wewe unaita watu vikongwe na kudai chakula?"

"Hapana, mama! Hukunielewa! Naomba nafasi ya eksplanesheni."

Shangazi akamgeukia baba. "Unamsikia? Hajala cha kwanza, anaagiza cha pili."

Baba alikuwa mtu wa kugombana na wenye malori ya nazi mpaka soko zima likasimama kutazama, lakini mbele ya dada yake alikuwa maji. Akatazama mkeka. Akasema labda wageni waende kwanza, watapelekewa habari. Wakaondoka wakaacha kahawa vikombeni.

Nililia siku hiyo, nikalia na kesho yake, na kilio changu kilikuwa cha hasira. Nilimkasirikia mzee, nikamkasirikia shangazi, nikawakasirikia Waingereza wote kuanzia Gavana. Mzee akaanza kupita upande wa pili wa barabara, akinunua maandazi ya mtu mwingine, na kila mtu alijua maandazi yale ni mawe. Kijana alikuwa akisimama kidogo, akitutazama, mpaka anavutwa mkono. Nilimkumbuka, jamani. Nilikuwa nikihesabu vitumbua vinne kisha sina wa kumpa.

Mama ndiye aliyekwenda Ilala kumbembeleza wifi yake. Alirudi na ruhusa yenye sharti: mzee anaweza kuja, ila asitamke neno lolote lenye sheni, liwe la Kizungu au la kabila lolote.

Wakaja tena. Pazia lilikuwa limeshonwa. Mzee alizungumza kama mtu anayevuka bonde la Jangwani siku ya mvua, akipima kila hatua.

"Tumerudi kuomba radhi," akasema. "Tunaomba, hizi koo mbili, tuunganish..." Akaumeza mkia. Nilimsikia akihema. "Tuungane."

Safari hii shangazi aliketi chumba cha mbele, na alikuwa anafaidi. Alimuuliza hili, akamuuliza lile, akamrudisha mwanzo, mzee wa watu akitoka jasho kwa kuikwepa hata lugha yake mwenyewe. Hatimaye shangazi akasema sawa, sasa aulizwe mwenye kuolewa, akaingia ndani kwetu.

Katika kuulizwa huko, mwanamwali anainamisha kichwa, anajifunika khanga, ananyamaza. Kimya chake ndiyo kukubali kwake. Akitaka anaweza kulia kidogo. Nilijiinamia kama nilivyofundishwa.

"Haya, mwanangu," shangazi akaanza, kwa sauti ya kusikika chumba cha mbele. "Wamerudi. Lakini mimi naona tusikimbilie. Tuwatazame kwanza. Upite mfungo, ipite na Idi, tuone mwakani watakuwa na tabia gani, kwa sababu ndoa..."

"Harakisheni!"

Ilikuwa sauti yangu. Ilitoka chini ya khanga ikafika barabarani. Mama alishika ukuta. Shangazi alibaki na mkono hewani, na chumba cha mbele kikombe kikaanguka.

Kisha nikamsikia mzee, pole pole, kwa sauti ya mtu aliyeona dhahabu chini.

"Hilo sijapata kulisikia. Maana yake nini?"

Nikajua sasa shangazi atasema, na akisema imekwisha. Lakini aliyejibu alikuwa baba, na hakukohoa kwanza.

"Hicho ni Kiswahili, bwana. Maana yake binti yangu anamtaka mpwa wako. Na mimi ndiye baba yake."