Jasi la Sikio la Kushoto

Babu yangu Mwinyimvua alikuwa mkereza, na akikereza haitwi. Ungesimama mlangoni kwake kule Umwe ukapiga hodi mpaka koo likauke. Yeye ameketi chini, mkono wa kulia unavuta uta, kamba inazungusha mti kati ya misumari miwili, patasi kaishika kwa mkono wa kushoto na vidole vya mguu, na macho yameshakwenda zake. Bibi yangu Mwanawetu alisema ameolewa na mgongo wa mtu, maana uso hakuuona. Alisema kwa hasira, na alikuwa na haki.

Alikereza matendegu ya vitanda na mipini ya visu, lakini watu walimfuata kwa ajili ya majasi, vile vidude vya mviringo vya mpingo ambavyo wanawake walivaa kwenye ndewe za masikio. Jasi zuri ni jembamba kama ukoko. Kitu chembamba hivyo ukikibana kati ya misumari kinapinda, halafu kinapasuka. Basi yeye hakukibana. Aliyeyusha nta na utomvu wa sandarusi motoni, akakigandisha kipande cha mpingo juu ya gogo dogo nene aliloliita mbeleko. Misumari ilibana gogo, kamba ilivuta gogo, na jasi lilizunguka limelala zake pale juu. Kazi ikiisha alipasha moto kidogo, likajiachia lenyewe.

Mwaka wa vita vya Maji Maji, mama yangu Mwantum alikuwa mwali, yuko ndani. Kwetu mwali haonwi na mwanamume wala hasemi na mwanamume, hata baba yake mzazi, mpaka siku ya kutolewa. Siku hiyo hutoka na majasi mapya kutoka mkononi mwa baba. Akitoka masikio matupu, watu husema huyu hana baba, hata kama baba mwenyewe amesimama pale pale anawakodolea macho. Mila ngumu, najua. Sikuitunga mimi.

Askari wa Mdachi wakaja wakichoma. Wapo waliokuwa wamekunywa maji ya dawa na wapo waliokataa, na moto haukumwuliza mtu. Wanawake walimviringisha Mwantum ndani ya mkeka, wakampakia mtumbwi wao peke yao, na watu wote wakateremka na mto mpaka delta, wakajificha katikati ya mikoko. Babu alibeba uta, misumari, patasi, bonge la nta na vipande viwili tu vya mpingo. Mchele aliusahau.

Kule siku zilichanganyika. Ukungu uliingia, maji yakajaa, maji yakatoka, kaa wakapanda mizizi wakatazama watu kisha wakashuka. Hakuna aliyewasha moto, maana moshi ungewaita askari, kwa hiyo watu walikula muhogo mbichi na kunong'ona, na baada ya wiki moja hata watoto walilia kwa kunong'ona. Mwali alikaa nyuma ya pazia la ukili lililotundikwa baina ya miti miwili. Babu alikaa upande wa pili. Alisikia anavyopumua, na siku nyingine hakuwa na hakika kama anamsikia yeye au anasikia tope likivuta maji.

Ndipo Abdalah, mkata boriti aliyewapokea, akaleta habari kwamba askari wamefika kijito cha pili. Mtumbwi mkubwa ulikuwa umekwama juu ya tope, ungeelea kesho alasiri maji yakijaa kabisa. Safari ni moja, wanaume na wanawake pamoja, mchana kweupe.

Bi Mwajabu, shangazi yake babu na somo wa mwali, yaani mlezi wake wa unyago, akasema, "Nendeni. Mie na mwanangu tutabaki."

"Shangazi, mviringishe mkeka kama siku ile."

"Mara moja n'lifumba macho. Anayeviringishwa mkeka mara mbili ni maiti. Mtoe kwa majasi yake, Mwinyimvua, au niache hapa nife naye."

Usimwone mbaya. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hushika anachokijua.

Alfajiri babu akapigilia misumari yake kwenye visiki viwili vya mkoko. Moto hakuna. Akaanika nta juani, juu ya kifuniko cha sufuria, mpaka ikalegea, akagandisha mpingo wa kwanza na kusubiri upoe. Nta bila sandarusi haina nguvu, basi patasi aliipitisha kama anayempapasa mtoto mwenye homa. Adhuhuri jasi moja likawa tayari, na bibi akalitazama, akasahau kugomba.

Halafu mawingu yakafunika jua. Nta ikakataa kulegea. Babu akaitia mdomoni akaitafuna, bibi akatafuna nusu ya pili, na wote wawili hawakusema neno maana midomo ilijaa. Ikashika. Jasi la pili likaanza kuzunguka, likapungua, likang'aa, na maji yakaanza kupanda kwenye mizizi.

"Linaelea!" Abdalah akanong'ona kutoka mtumbwini. "Upesi, jamani!"

Babu aliyekuwa haitwi, safari hii aliitika. Akageuza kichwa. Patasi ikazama kidogo tu, jasi likaruka kutoka kwenye gogo, likagonga kisiki, likawa vipande viwili.

Hakuviokota. Alikwenda mbele ya ukili, akapiga magoti topeni. "Mwanangu," alisema. "Limevunjika. Nimelivunja mwenyewe. Nina moja tu."

Bi Mwajabu akaanza kulia. Kisha sauti ikatoka nyuma ya ukili, sauti ambayo babu alikuwa hajaisikia miezi minane, na hakupaswa kuisikia bado.

"Nivike hilo moja sikio la kulia, baba. La kushoto nitalificha kwako."

Bi Mwajabu alifungua kinywa kumkemea, akakifumba. Akalichukua lile jasi, akapita nyuma ya ukili, akamvika. Halafu akafunua ukili mwenyewe, kwa mkono wake.

Babu akambeba kama anavyobebwa mtoto aliyelala, sikio la kushoto limelala kifuani kwake. Wakapita topeni, maji magotini, mpaka mtumbwini. Wanaume waligeuka kumtazama mwali, wakaona jasi jeusi linalong'aa, jembamba, la mkono wa baba yake. Mmoja akasema mashallah.

Mama alisema safari ile hakuiona. Aliusikia moyo wa babu tu, ukienda mbio kama wa mtu aliyeiba. Mtumbwi ukaacha kijito kimoja, ukaingia kingine, mikoko ikifunga njia nyuma yao. Abdalah akamwambia babu amlaze mtoto chini, apumzike. Akatikisa kichwa. Jua likarudi, jua likashuka. Walipofika maficho mapya alikuwa bado amemshika vile vile, na ilibidi bibi na Bi Mwajabu wamfungue vidole kimoja kimoja.