Nilivyosimama Mlangoni kwa Mama Nzigire

Nakumbuka Jumamosi moja hapa Louisville, Marekani, nilipokuwa mjumbe wa bunge la jimbo kwa muhula wa kwanza, ambao, kama ujuavyo, ulikuwa pia wa mwisho.

Mwanangu, umeniandikia kutoka Buffalo kwamba unagombea, na kwamba rafiki yako wa Columbus anayeendesha kampeni amekupa orodha ya milango sitini ya kugonga kwa siku. Nimecheka. Orodha hiyo naijua.

Nilipogombea mara ya kwanza sikuwa nayo. Niliingia nyumba nne kwa siku, nikakaa, nikala fufu na sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu Kongo, nikasikiliza habari za zamu za ghala na magoti yanayouma. Nikanenepa, nikashinda. Nikadhani hotuba zangu ndizo zilizoshinda. Mwenye shahada mbili huwa na ugonjwa huo.

Mara ya pili nikawa mtu wa kisasa: dakika mbili kila mlango. Jumamosi hiyo nikagonga kwa Mama Nzigire, mama wa kanisani kwetu anayefanya kazi kiwandani Jeffersontown.

“Ingia, Mheshimiwa! Sombe iko kwa moto.”

“Asante, Mama, nina haraka. Pokea tu karatasi hii.”

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi. “Bon. Weka hapo chini, pale watu wa kuleta mizigo wanawekaka paketi.”

Nikacheka, nikakimbilia mlango wa thelathini na moja. Siku ya kura nilishindwa kwa kura chache kuliko waimbaji wa kwaya yetu.

Wiki iliyofuata nikarudi kwake mikono mitupu. “Mama, mlinikataa?”

“Hapana, papa! Tunakupenda. Lakini mtu wa paketi, tunamwambiaka asante, anaenda. Nani anatoka kazini amechoka, aende kumpigia kura?”

Kisha akanisogezea sahani. Sikumbuki kama niliomba msamaha kwanza au nilikula kwanza.

Basi, mwanangu, punguza orodha hiyo, rafiki yako anune akitaka. Vua viatu, kaa, kula, uliza goti linaendeleaje. Na ukishashinda, rudi kwenye nyumba hizo hizo siku ambayo huna unachoomba. Hapo ndipo mimi niliposhindwa, muda mrefu kabla ya kura kuhesabiwa.

Mungu akupe miguu ya kufika, subira ya kukaa, na suruali yenye kiuno kinachovutika. Amina.