Sikio Juu ya Diski

Fundi wa kompyuta akianza kazi, kwanza analaza sikio juu ya boksi la diski, na diski zenyewe ni za kisasa, hazizunguki wala hazina mlio. Mpiga video, mteja wake, akimuuliza anasikiliza nini, anajibu, "Joto, kaka," halafu anafuta vidole kwenye suruali. Leo kaziunganisha diski nne, ili moja ikifa tatu zibebe mzigo, na anazipima mbio.

"Humu hamna kitu, si ndiyo?"

"Hamna, fundi."

Mwongo mkubwa huyo. Fundi alipokwenda kula, alihamishia humo harusi nzima ya dada yake, na kadi za kamera keshazifuta. Fundi akachomoa diski moja, mashine inawaka hivyo hivyo, aone kama tatu zitabeba. Namba za mbio zikaporomoka kwenye skrini.

"Fundi, harusi ya dada imo humo."

Fundi akageukia skrini. Namba zikachechemea, lakini hazikufika sifuri. Hakutukana. Alirudisha diski taratibu. "Mpaka hii ijae upya kutoka kwa hizo tatu, nyingine ikifa, harusi kwisha," akasema, akalaza sikio. Mpiga video naye akalaza lake upande wa pili.

"Unasikia nini?"

"Joto, fundi."