Tramu Niliyomchagulia Tantine Odile

Nicheke mimi kwanza, kisha nanyi mcheke, ingawa najua mtaishia kunyamaza, maana aibu hii hata miye niliyemaliza shule ya jioni nikapewa diplome kubwa kama mlango wa kanisa sijapata namna ya kuibeba.

Bon. Kule kwetu Likasi nilikuwa nimewaambia wote kwamba Brussels ninaendesha tramu (kweli nilikuwa naziosha, kwa ndoo na brashi), na siku shangazi yangu, Tantine Odile, aliposhuka treni stesheni ya Gare du Midi, amekuja kumwona mdogo wake Papa Anselme, aliyelazwa hospitali ya Woluwe amebakiza pumzi za kuhesabu, teksi zilikuwepo, metro ilikuwepo, mimi nikachagua tramu, ile inayozunguka mji kama mbuzi wa kamba.

"Inakimbiaka?" akauliza.

"Kuliko ndege, Tantine!"

Nikataka kupitisha tiketi kwenye mashine, akanishika mkono: "Mutoto, muntu analipaka mu nyumba yake?" Nikairudisha mfukoni, tukakaa hivyo hivyo, naye akawatangazia abiria, "Huyu ni fils yangu, mutoto yangu, chauffeur ya tram!", mama mmoja Mturuki akampigia makofi, nami nikatabasamu kama waziri, mpaka wakapanda wakaguzi wawili.

"Baambie weye ni nani," Tantine akasema.

Mmoja wao alinitambua, akacheka kwa Kifaransa chake: "Alors, wa ndoo, leo huna tiketi?"

Abiria wote wakageuka. Tukashushwa, vitambulisho, anwani, maswali, karibu saa nzima kando ya barabara, na Tantine (anayekisikia Kifaransa vizuri kuliko mimi) hakuuliza habari ya ndoo hata kidogo, aliangalia saa yake tu.

Woluwe, muuguzi alitupokea mlangoni. Papa Anselme alikuwa amemuulizia dada yake asubuhi yote, akakata roho robo saa kabla hatujafika. Tantine akamshika miguu. "Ingali na moto," akasema.

Jioni Likasi wakapiga simu, nikaogopa kuishika, akaishika yeye: "Train ndiyo ilichelewa. Huyu mutoto alinikimbiza sana."

Tangu hapo nimewaambia wote kazi yangu halisi, na naapa mgeni wa mgonjwa nitampandisha teksi hata nikiuza koti langu katikati ya baridi. Lakini ile hadithi ya treni ni ya Tantine, anairudia kwa kila anayempa pole, na akinipa simu nithibitishe, ninaitika: ndiyo, ilichelewa.