Kizibo Kimoja, Nusu Bomba

Jirani anapulizia ng'ombe dawa ya kupe, na harufu yake imenirudisha darasa la tano.

Siku ile mwalimu alitufundisha uwiano kwa mfano wa dawa hiyo: kizibo kimoja cha dawa kwa bomba zima la kupulizia lililojaa maji. Akatuonya kuwa ni sumu, hupenya hata ngozi ya mtu. Nilielewa, ila aibu ilinizuia kunyoosha mkono. Nyumbani nilimkuta baba zizini. Bomba lake la kubeba mgongoni lilikuwa na ufa katikati, kwa hiyo alilijaza nusu tu.

"Baba, umeweka vizibo vingapi?"

"Kimoja, kama siku zote."

"Mbona maji ni nusu? Dawa imekuwa kali mara mbili!"

Akacheka. "Kwani dawa inajua kuhesabu, mama?"

Akageuka kumfuata ndama. Shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima kwa dawa iliyoruka kupitia ufa.

Nilipiga yowe, mimi niliyekuwa sisikiki hata darasani.